Mahali Panapotia Woga Bila Sababu: Kutafuta Chanzo na Kukiondoa

Chumba ni kilekile, samani ni zilezile, hakuna kilichovunjwa wala kuibwa, lakini kila ukiingia mwili unasisimka na vinyweleo vinasimama. Hali hii ina chanzo, na mara nyingi chanzo hicho hupatikana kwa tochi, uzi, penseli na subira ya siku chache.

Mwaka 2016 wanasaikolojia Frank McAndrew na Sara Koehnke walichapisha utafiti uliowahoji watu 1,341 kuhusu kinachomfanya mtu atie woga wa aina hii. Walichokiona ni kwamba mwili hausisimki kwa sababu ya hatari iliyo wazi. Husisimka pale usipojua kama hatari ipo au haipo. Aliyekushikia kisu unamkimbia bila kujiuliza. Aliyekukodolea macho kimya kwa dakika nzima ndiye anayekuacha na baridi mgongoni, kwa kuwa hujui ukae au uondoke. Vyumba na vitu ni hivyohivyo. Kujikaza na kujiambia huogopi hakusaidii sana, maana swali linabaki palepale. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: kila dalili ina orodha fupi ya visababishi, na kila kisababishi kina kipimo chake.

Anza na vinavyoweza kuua

Kabla ya kuhangaika na kivuli au kishindo, ondoa kwanza uwezekano wa sumu na moto. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayeivuta kidogokidogo huumwa kichwa, huona kizunguzungu, husikia kichefuchefu, hulegea na kuchanganyikiwa; wapo wanaofikia kuona na kusikia visivyokuwepo. Mwaka 1921 daktari wa macho William Wilmer aliandika katika jarida la American Journal of Ophthalmology habari za familia moja ya Marekani iliyohamia nyumba kuukuu. Usiku walisikia nyayo, mchana walihisi wanatazamwa, watoto wakapauka na mimea ya ndani ikafa. Tanuri la kupasha nyumba joto lilikuwa bovu, na moshi wake uliingia vyumbani badala ya kupanda kwenye dohani.

Ishara za kukusimamisha ni hizi: woga unakuja pamoja na maumivu ya kichwa, zaidi ya mtu mmoja, au hata mnyama wa ndani, anaumwa kwa wakati mmoja, mnapata nafuu mkitoka nje na hali inarudi mkirudi ndani, mambo huanza baada ya kuwashwa jiko la mkaa, hita ya gesi, jenereta au gari lililo karibu na ukuta. Zikikutana mbili, toeni kila mtu nje kwanza na muite huduma ya dharura. Uchunguzi utafuata baadaye.

Kitambuzi cha kaboni monoksidi ndicho kipimo pekee cha kuaminika. Vile vinavyofuata kiwango cha Ulaya cha EN 50291 hulia ndani ya dakika 3 hewa ikifika sehemu 300 kwa milioni, kati ya dakika 10 na 40 ikiwa sehemu 100, na kati ya dakika 60 na 90 ikiwa sehemu 50. Kwa hiyo kitambuzi kukaa kimya kwa robo saa hakuthibitishi chochote. Kiache usiku mzima, vifaa vyote vya kuwaka moto vikitumika kama kawaida, kikiwa mita 1 hadi 3 kutoka kwenye kifaa. Angalia tarehe iliyopigwa mgongoni. Sensa hizi huchakaa ndani ya miaka 5 hadi 10, na kitufe cha majaribio huonyesha tu kwamba betri na kipaza sauti vinafanya kazi.

Cha pili ni harufu ya samaki au mkojo ambayo haina samaki wala mkojo. Plastiki ya soketi, swichi na vishikizi vya taa ikipata joto kupita kiasi hutoa harufu hiyo. Zima umeme kwenye swichi kuu, kisha pitisha mgongo wa kiganja karibu na kila soketi bila kuigusa. Yenye joto au weusi pembeni ndiyo mgonjwa. Usiiwashe tena mpaka fundi umeme aifungue. Cha tatu ni gesi ya kupikia ya mtungi, ambayo ni nzito kuliko hewa na hutanda sakafuni. Ukiinusa usiwashe wala usizime swichi yoyote. Funga valvu, fungua milango, toka.

Hisia inafuata mahali, saa, au mtu?

Swali hili likijibiwa vizuri, nusu ya kazi imekwisha. Andika kwa siku 7 kila mara woga unapokujia: saa, ulipokuwa umesimama au kukaa, ulikuwa unaelekea wapi, kifaa gani kilikuwa kinaunguruma, uliamka saa ngapi siku hiyo. Kisha mlete mtu mwingine kwenye chumba bila kumwambia lolote, umuache humo dakika 15, umuulize tu anapaona vipi. Ukishamwambia "kuna kitu humu," jaribio limeharibika, kwa sababu atakisikia.

Woga ukibaki na mahali hata watu wakibadilika, tafuta mwanga, sauti, hewa na mpangilio. Ukija saa ileile kila siku, tafuta joto linalopanda na kushuka, mashine zenye ratiba, na usingizi. Ukimfuata mtu mmoja hadi kwenye nyumba nyingine, acha kuta na uende moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho.

"Kuna mtu nyuma yangu"

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa zaidi, na ina visababishi vingi kuliko nyingine zote.

Angalia kwanza ulivyokaa. Mwanajiografia Jay Appleton alieleza mwaka 1975 kwamba binadamu hutulia pale anapoona mbali huku yeye mwenyewe amefichika. Kiti kilichoupa mlango mgongo kinavunja masharti yote mawili kwa pamoja. Kigeuze ili ukuta uwe nyuma yako na mlango uwe mbele au ubavuni, ukae hapo siku mbili. Isipowezekana, weka taa ndogo nyuma yako badala ya mbele, ili sehemu usiyoiona isiwe ya giza. Ni ajabu jinsi vyumba vingi vinavyosemwa vibaya hupona kwa hatua hii peke yake.

Pili ni sakafu. Ukikanyaga ubao uliolegea unabonyea kwenye boriti. Ukiinua mguu unarudi juu, lakini unachelewa, na unalia wakati wewe umeshasonga hatua moja mbele. Sikio linapokea nyayo ya pili iliyo nyuma yako. Ubongo hudanganyika kirahisi na uchelewaji wa namna hii. Mwaka 2014 kikundi cha Olaf Blanke nchini Uswisi kiliwafunga watu macho, kikawapa fimbo ya kuchezesha mbele yao huku roboti ikiwagusa mgongoni kwa miendo ileile. Mguso ulipochelewa kwa nusu sekunde, baadhi yao walihisi kuna mtu amesimama nyuma yao, na wapo walioomba jaribio lisimamishwe. Kupima sakafu, simama pembeni na umwombe mwenzako atembee polepole; chora chaki kila ubao unapolia baada ya mguu kuondoka. Kaza kwa skurubu zinazofika kwenye boriti, si misumari, maana msumari hulegea tena. Pale mbao mbili zinaposuguana, sugulia unga wa grafiti au poda ya talki kwenye mwanya. Korido yenye kuta tupu pande zote mbili hufanya kitu kilekile kwa mwangwi wa nyayo zako. Zulia refu la ujia linatosha.

Tatu ni infrasauti, yaani mawimbi ya sauti yaliyo chini ya hezi 20 ambayo sikio haliyatambui kama sauti. Habari zake zilienea kwa sababu ya mhandisi Vic Tandy wa Coventry, Uingereza. Katika maabara aliyofanyia kazi watu walihisi huzuni na baridi, naye akaona umbo la kijivu pembeni mwa jicho lake. Siku iliyofuata upanga wake wa michezo, aliokuwa ameubana kwenye jiliwa ili aufanyie kazi, ulianza kutetemeka wenyewe. Chanzo kilikuwa feni ya kutolea hewa iliyofungwa karibuni, iliyokuwa ikizalisha wimbi la karibu hezi 19. Ilipobadilishwa ilivyofungwa, hali ikaisha. Aliyaandika haya mwaka 1998.

Hesabu yake unaweza kuirudia nyumbani. Gawa 343, ambayo ni kasi ya sauti kwa mita kwa sekunde, kwa urefu wa chumba mara mbili. Chumba cha mita 9 hutoa hezi 19. Chumba cha kulala cha mita 4 hutoa karibu hezi 43, ambayo ni mngurumo unaosikika, kwa hiyo chumba kidogo si mahali pa kushuku infrasauti kwanza. Zima vifaa vyenye mota kimoja baada ya kingine: feni, friji, pampu ya maji, kiyoyozi, na uliza majirani kuhusu vyao. Subiri dakika 10 kila mara. Usitegemee maikrofoni ya simu, kwa kuwa nyingi hukata masafa hayo. Bana rula nyembamba ya chuma ukingoni mwa meza ili sentimita 25 zining'inie, au tazama uso wa maji kwenye bakuli pana chini ya tochi ya ubavu. Ukipata feni inayotikisa, safisha mapanga yake, kaza skurubu za fremu na uweke mpira wa milimita 5 hadi 10 kati ya fremu na ukuta.

Hata hivyo infrasauti inapewa sifa kuliko inavyostahili. Mwaka 2009 Chris French na wenzake walitoa matokeo ya chumba walichokijenga London, chenye infrasauti na uga wa sumaku vilivyowashwa na kuzimwa bila washiriki kujua. Wengi walipata hisia za ajabu, lakini hisia hizo hazikufuata mitambo. Walikuwa wameambiwa mapema kwamba huenda wakahisi kitu, na hilo ndilo lililoelekea kuwa maelezo bora. Rekebisha mtikisiko kwa sababu ni kazi rahisi, ila usinunue vipimo vya gharama kwa ajili yake kabla hujageuza kiti na kukaza sakafu.

Kitu kinapita pembeni mwa jicho, ukigeuka hakipo

Hili ni umbile la jicho lenyewe. Kwenye mwanga hafifu tunaona kwa seli za vijiti, na katikati kabisa ya retina, pale tunapolengea tunapotazama, seli hizo hazipo. Pembeni zipo tele, tena zinakamata mwendo upesi. Kwa hiyo koti lililoning'inia gizani huonekana ukiwa hulitazami, na hufifia ukiligeukia. Vijiti vinahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Dakika za mwanzo baada ya kuzima taa ndizo zenye vitu vingi vya ajabu, hasa ukitoka kwenye kioo cha simu.

Hatua ni tatu. Washa taa yote na upige picha kutoka mahali unapolala; kisha punguza mwanga hadi ule wa kawaida yako na upige tena. Linganisha. Kila umbo lenye "kichwa na mabega" kwenye picha ya pili litafute kwenye ya kwanza: mara nyingi ni nguo mlangoni, mkunjo wa pazia, mkoba juu ya kabati. Liondoe au lilaze chini. Mwisho, weka taa ndogo ya rangi ya joto, Kelvini 2700 au chini yake, chini ya usawa wa kitanda ikielekea kona yenye giza.

Nyuso kwenye madoa ya ukuta, mbao na vigae zinatokana na ubongo kupendelea sura kuliko kitu kingine chochote. Mashimo mawili na mstari chini yake vinatosha. Chombo cha Viking 1 kilipiga picha ya kilima kwenye Mirihi Julai 1976 jua likiwa chini, na kilima kikatoka na uso wa mtu. Picha kali zaidi za 1998 na 2001 zilionyesha mwamba tu. Somo la kiufundi liko kwenye pembe ya mwanga. Hamisha taa ili mwanga upige mbele badala ya ubavuni, vivuli vitoweke, na uso utaondoka bila kupaka rangi.

Kuhusu kioo: ukijitazama kwenye mwanga hafifu kwa takriban dakika moja bila kuhamisha macho, uso wako utaanza kuharibika au kugeuka wa mtu mwingine. Giovanni Caputo alilieleza jambo hili mwaka 2010 kwa jaribio la dakika 10 na balbu ya wati 25 iliyowekwa nyuma ya washiriki. Macho yakitulia sehemu moja, yanachotazama hufifia na ubongo hujaza pengo. Pepesa, geuza macho, ongeza taa. Kama kioo kinaelekea kitanda, kigeuze digrii chache ili kisirudishe mwendo wako mwenyewe usiku.

Nimeamka, siwezi kutikisika, na kuna mtu chumbani

Jinamizi la aina hii hutokea akili inapoamka kabla mwili haujaachiliwa na usingizi wa ndoto, ambao hulegeza misuli ili tusiigize tunayoyaota. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikadiria kwamba asilimia 7.6 ya watu wamelipata angalau mara moja. Huchukua sekunde chache hadi dakika kadhaa. Uzito kifuani unatokana na kupumua kwa juujuu huku ukijaribu bila mafanikio kuvuta pumzi ndefu.

Likikushika, usipigane na mwili mzima. Peleka nguvu zote kwenye kidole kimoja cha mguu au cha mkono, pumua kwa utulivu, funga macho. Kulizuia: lala ubavu, kwa kuwa kulala chali huliita, lala na kuamka saa zilezile, rudisha saa 7 hadi 9 za usingizi. Likija mara kwa mara na mchana unasinzia hovyo, au magoti yanalegea ghafla ukicheka, muone daktari, kwa maana inaweza kuwa narkolepsi, ugonjwa wa kusinzia ghafla.

Vishindo darini na kwenye kuta

Sikiliza saa. Vishindo vya jioni jua likizama na vya asubuhi likichomoza ni vya joto. Bati la chuma la mita 6 likipoa kwa digrii 30 hufupika kwa takriban milimita 2. La alumini, kwa milimita 4. Msumari ulioshika sana huzuia, mkazo hujengeka, kisha bati huteleza kwa mkupuo mmoja: kishindo. Skurubu zenye pete za mpira na tundu pana kidogo kuliko shina lake huliacha bati liteleze kimyakimya.

Mlio mmoja mzito mara tu bomba linapofungwa au mashine ya kufulia inapokata maji ni wimbi la shinikizo ndani ya mabomba. Funga vishikio kila mita moja hadi mbili, weka kipande cha mpira kati ya bomba na kishikio, na kama shinikizo linazidi baa 5 weka valvu ya kulipunguza. Kikwaruzo cha haraka kinachohama ni panya au popo. Nyunyiza unga darini jioni, utazame nyayo asubuhi.

Vinavyojifungua, kujiwasha na kusema vyenyewe

Mlango unaojifungua kwanza umulike ulimi wa kitasa. Upake chaki, funga, fungua, angalia chaki ilipogusa kwenye bamba la fremu. Mara nyingi ulimi unagonga milimita 1 au 2 chini ya tundu kwa sababu mlango umelala. Piga tupa tundu au hamisha bamba. Kama kitasa ni kizima ila mlango ulioachwa nusu unatembea, bawaba haziko kwenye mstari wa timazi. Toa pini ya bawaba moja, ilaze juu ya mbao mbili, igonge katikati mara moja kwa nyundo ili ipinde kiasi kisichoonekana vizuri kwa jicho, uirudishe. Msuguano utaushika mlango popote unapouacha. Mlango ukitembea tu pale mwingine unapofunguliwa, ni msukumo wa hewa. Ning'iniza uzi mlangoni uthibitishe.

Balbu ya LED inayong'aa hafifu ikiwa imezimwa inawatisha watu bure. Umeme mdogo unapita kwenye taa ndogo ya kiashiria iliyo ndani ya swichi, au unarukia kati ya nyaya ndefu zilizolala sambamba, au swichi imefungwa kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto. Hili la mwisho ni hatari, kwani kishikizi cha taa kinabaki na umeme hata swichi ikizimwa. Fundi ahakikishe swichi inakata waya wa moto. Mwanga ukibaki, aondoe kiashiria au aunge kapasita ya daraja la X2 ya mikrofaradi 0.1 sambamba na balbu.

Taa inayokusumbua kichwa huku ukishindwa kusema kwa nini huenda inapepesa. Kwenye umeme wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwenye wa hezi 60 mara 120. Tikisa penseli haraka chini yake: ukiona penseli nyingi zilizokatikakatika badala ya ukungu mmoja laini, ibadilishe. Mrija wa taa wenye ncha nyeusi unabadilishwa pamoja na kiwashio chake.

Taa ya sensa ya mwendo inapima mabadiliko ya joto. Buibui akitembea juu ya lenzi, au hewa ya moto ikivuma kutoka dirishani, inatosha kuiwasha. Futa lenzi, igeuze isitazame kiyoyozi wala pazia. Kengele ya mlango isiyo na waya inayolia usiku huenda inaitikia ya jirani yenye namba ya siri sawa, iunganishe upya. Televisheni inayojiwasha angalia kwanza saa ya kuamsha iliyowekwa kwenye mipangilio, halafu vifaa vilivyounganishwa kwa kebo ya HDMI vinavyoruhusiwa kuiamsha, halafu kitufe cha rimoti kilichonasa.

Mdoli unaoongea usiku wenyewe, tena kwa sauti nzito ya kukokota, una betri zinazokufa. Volti zikishuka, kichakataji chake huzima na kuanza upya, na kila kikianza upya hupiga sauti ya salamu. Kwenye midoli ya zamani kasi ya sauti nayo hushuka pamoja na volti. Betri ya alkali mpya ina volti 1.5, ikisoma chini ya 1.2 ikiwa kazini, badilisha zote kwa pamoja. Usiku ule wa kwanza toa betri tu, ulale.

Kona ya baridi

Washa ubani au kijiti chochote cha kutoa moshi, upitishe polepole kwenye fremu za madirisha, chini ya mlango, kwenye soketi na penye tundu la dari. Moshi utapinda panapopita hewa. Ziba kwa mpira wa mlango au silikoni. Baridi yenye harufu ya mayai yaliyooza inatoka kwenye bomba la maji machafu ambalo maji yake ya kuzuia gesi yamekauka: mimina nusu lita ya maji kwenye sinki au tundu la sakafu lisilotumika, juu yake kijiko cha mafuta ya kupikia kupunguza ukaukaji. Usikae humo ukisema "harufu imeisha": sulfidi ya hidrojeni, gesi yenye harufu hiyo, ikizidi huua uwezo wa kunusa kabla ya kuondoka yenyewe.

Sura, macho na mashimo

Mwaka 1970 Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti wa Japani, alieleza kwamba kadiri kitu kinavyokaribia sura ya mtu ndivyo tunavyokipenda, mpaka kinapokaribia mno bila kufika. Hapo upendo huanguka ghafla kuwa kinyaa. Midoli ya ngozi laini yenye macho ya kioo imekaa kwenye shimo hilo. Suluhisho ni kuisogeza upande mmoja au mwingine: irekebishe iwe kamili, au punguza uhalisia wake. Macho ya kulala hugeuzwa na uzito mdogo nyuma ya jicho. Likikwama moja kwa kutu au vumbi, mdoli hukonyeza. Piga upepo wa kopo kwenye tundu, inamisha na kuinua mara kadhaa. Usipake mafuta, yanatia doa vinili. Kama huna nia ya kuutengeneza, ukalishe kwa ubavu ili usitazame kitanda wala mlango.

Picha ya mtu inayokufuata kwa macho haibadiliki kwa sababu ni bapa. Aliyetazama kamera moja kwa moja ataonekana hivyo kutoka kila upande. Hamna la kutengeneza. Ihamishie mahali unapopita, usipokaa.

Makundi ya mashimo madogo, kama tumba la mbegu za yungiyungi, huwakera wengine vikali. Geoff Cole na Arnold Wilkins waliyahusisha mwaka 2013 na utofauti mkali wa weusi na weupe kwenye vipimo fulani vya umbo. Mwanga wa mbele unaofuta kivuli ndani ya tundu hupunguza makali.

Korido tupu, ukumbi usio na watu

Sehemu iliyojengwa kwa ajili ya umati inapokuwa tupu huacha swali la mahali walipo watu. Alexander Diel na Michael Lewis walionyesha mwaka 2022 kwamba mahali hutia woga zaidi muundo wake unapokosewa kidogo: milango iliyojirudia bila sababu, kitu kinachotarajiwa kukosekana, kingine kuwa pasipo pake. Kwa jengo unalolisimamia, vunja urudufu huo: rangi tofauti mwisho wa korido, saa ya ukutani, namba za milango zinazosomeka, dirisha au taa angavu pale njia inapoishia ili anayeingia aone anakoelekea. Piga makofi mara moja. Ukisikia mlio wa kutetemeka unaorudi harakaharaka, kuta mbili zinazotazamana zinarushiana sauti. Funika mmoja wao kwa vitambaa, rafu za vitabu au mbao za kunyonya sauti.

Woga unapomfuata mtu

Kama umehama chumba na woga umehama nawe, daktari ndiye fundi. Mpeleke mgonjwa mapema endapo woga huja ghafla kwa sekunde chache hadi dakika mbili pamoja na harufu isiyokuwepo au hisia kali ya kuwahi kuyaona haya yote, kwa kuwa ndivyo kifafa cha sehemu ya pembeni ya ubongo kinavyojitokeza. Mzee anayepoteza uwezo wa kuona anaweza kuona watu au mapambo tele akiwa na akili timamu kabisa; hali hiyo huitwa kwa jina la Charles Bonnet, na wengi huificha kwa kuogopa kuitwa wendawazimu. Mzee anayeona watoto au wanyama chumbani, huku akitetemeka au kukakamaa na umakini wake ukipanda na kushuka ndani ya siku moja, achunguzwe ugonjwa wa miili ya Lewy, aina ya upotevu wa akili wa uzeeni, na daktari aambiwe mapema, kwa sababu baadhi ya dawa za kutuliza humdhuru vibaya. Nenda na lile daftari la siku 7, orodha ya dawa zote anazotumia pamoja na tarehe alizoanza, na muda wa kila tukio kwa dakika.